Waya Nilizogeuza Kasenyi

Ndugu zangu wa gereji, siku ile niliporudi kutoka ziwani mliniuliza ilikuwaje, nami nikawajibu huku sinia la samaki wa moshi liko katikati yetu. Niliwaambia kwamba vibao nilivifunga vizuri, na kwamba dereva wa kanoti ya injini, yule Anselmi, hakujua kuvitumia. Mkacheka. Mmoja wenu akasema watu wa ziwani wanajua kasia tu. Tukala samaki mpaka ikabaki miiba. Wale samaki walikaushwa na mke wa Anselmi kwa mikono yake mwenyewe, akanifungia kwenye majani ya mgomba ili nisifike kwa watoto wangu mikono mitupu. Hilo sikuwaambia. Yako mengi ambayo sikuwaambia.

Sasa nasimulia upya, hatua kwa hatua, na safari hii naandika, kwa sababu nikisema kwa mdomo najua nitapindisha tena. Habari za vibali na karatasi za mpakani naziruka. Mnazijua na zinachosha. Haya mengine yasomeni mpaka mwisho kabla hamjanijia.

Nyakasanza, nilivyochagua njia ndefu

Jina langu hapa Bunia halikutokana na injini. Lilitokana na usukani. Magari yanayotoka Uganda huja na usukani kuume, maana kule wanaendesha upande wa kushoto, na mtu akitaka uhame uje kushoto kama magari yetu ananiletea mimi, Fundi Dezire, hapa Nyakasanza. Miaka yote hii kazi yangu imekuwa kuchukua mambo ya Uganda na kuyageuza yawe ya Kongo. Likumbukeni hilo, maana ndilo lililoniangusha.

Mnakumbuka pia desturi yetu. Lori likitoka gerejini limefungwa breki mpya, fundi hupanda nalo safari ya kwanza, akae karibu na dereva mpaka Komanda, ateremke nalo vilima vyote. Breki zikikataa, zikatae naye yumo. Fundi anapanda na kazi yake. Nimewafukuza vijana wawili kazi kwa kukwepa jambo hilo, na mmoja wao alikuwa mtoto wa dada yangu.

Basi, ujumbe ulifika kwa dereva wa lori la samaki. Ulitoka kwa Mama Leoni, mkuu wa kituo cha afya cha Kasenyi. Vita vilikuwa vimefunga barabara ya kupanda Bunia mara nyingi kuliko ilivyofunguliwa, na wagonjwa wazito wa kule chini walikuwa wakivushwa ziwa kwenda hospitali ya ng'ambo. Mfanyabiashara mmoja aliyekimbia aliwaachia kanoti yake, ndogo, nyeupe, ya plastiki ngumu, iliyotengenezwa kwa watu wa kushindana mbio kwa kujifurahisha. Injini yake ilikuwa kubwa kuliko mwili wake. Ikishika kasi pua inapanda juu, inaanguka, inapanda tena, inaruka kama chura, na mgonjwa aliyelazwa mbele anateleza mpaka miguuni pa dereva. Upepo ukipiga ubavu, inalala upande.

Kwenye mitumbwi yao hawana shida hiyo, kwa sababu wanasawazisha kwa watu. Dereva anasema neno moja, abiria wote wanasogea makalio, mtumbwi unasimama. Lakini mgonjwa wa machela hasogei. Ndiyo maana Mama Leoni alitaka vile vibao ambavyo wenye Kifaransa huviita flapu: vipande viwili vya inoksi, chuma kisichoshika kutu, vyenye bawaba, vinafungwa nyuma ya kanoti, chini, kimoja kila upande, kila kimoja na mota yake ndogo. Vikishushwa majini vinainua mkia, na pua inatulia. Ukishusha kimoja tu, unanyoosha kanoti iliyolala.

Pamoja na ujumbe ilikuja kamba ya katani yenye mafundo matatu. Anselmi ndiye aliyeifunga. Fundo la kwanza lilikuwa upana wa nyuma ya kanoti, la pili urefu wake wote, la tatu nafasi iliyopo kati ya injini na ukingo. Mtu asiye na futi alikuwa amenipimia vizuri kuliko wateja wangu wenye futi.

Nilikubali kabla dereva hajamaliza kusema. Flapu sikuwa nimewahi kuiona hata kwenye picha. Nilikubali kwa sababu aliniambia, “Mafundi wengine walikatala.”

Vibao vilikuwa vya kutafutwa Kampala. Mtu mwenye akili angeshuka Kasenyi, akavuka ziwa, akaingia Uganda siku hiyo hiyo. Mimi nilizunguka kwa Mahagi, nikawaambia nina spea za kuangalia kule. Hakukuwa na spea. Siwezi kuogelea, na maji mengi naogopa kuliko bunduki. Sasa mmejua.

Barabara ya Mahagi

Lori lilikuwa linakwenda kuchukua chumvi na sabuni, kwa hiyo tulipanda juu ya magunia matupu. Njia ambayo zamani ilikuwa ya siku moja ilituchukua siku nne. Kila baada ya vijiji vichache kulikuwa na kamba imefungwa kukatiza barabara, na watu wenye silaha wakiuliza swali moja kwa namna nyingi: unatoka wapi, na wewe ni mtu wa nani? Nilijibu kwamba mimi ni fundi. Kamba moja ilinishikilia tangu asubuhi mpaka saa tisa, nikifungua kabureta ya pikipiki yao kwa kisu cha jikoni. Ilipowaka wakanipa viazi vitamu, tukala pamoja kama watu wanaojuana.

Upande wa Djugu tulipita nyumba zisizo na paa. Mahindi yalikuwa yamekauka mashambani bila mwenye kuyavuna. Dereva alizima redio.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja mkulima wa huko, amekalia godoro lake lililoviringishwa, mali yake yote iliyobaki. Aliniuliza nakwenda wapi. Nilimweleza habari za kanoti na wagonjwa, na nilieleza vizuri sana, kama mtu aliyekwisha kuifanya kazi. Akafungua kitambaa chake akatoa muhindi mmoja wa kuchemsha, akauvunja, akanipa nusu kubwa. “Kula, mutoto yangu,” alisema. “Mutu wa kazi ya namna hii haifai afike na njaa.” Nikaula. Nilikula sifa kabla ya kazi, na utamu wake ninaukumbuka mpaka leo kwa uchungu.

Mahagi tulilala siku mbili kungoja mpaka wa Uganda ufunguliwe. Nilikula maharage kwa mama muuza chakula aliyeniita “papa wa Bunia” na kuniongezea mchuzi bila kuombwa. Watu walikuwa wema safari nzima. Nawaambia hivyo msije mkafikiri ubaya wa hadithi hii ni wa vita.

Kampala, kwa Nalongo

Pale Pakwach basi lilipovuka daraja la Nile nilifumba macho. Abiria wa kiti cha pili akanigusa akaniuliza kama naumwa, nikasema nasali.

Kampala nilielekezwa kwenye karakana moja ya kando ya ziwa lao, ambako mafundi wanatengeneza boti za wenye nazo. Mkuu wao alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Wote walimwita Nalongo, kwa kuwa amezaa mapacha. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, cha amri tupu, bila “tafadhali” wala “samahani”. Nilikidharau tangu dakika ya kwanza. Yeye alipokea kamba ya Anselmi, akaipitisha mkononi fundo kwa fundo, akatikisa kichwa kwa heshima. Aliuliza ni nani aliyeifunga. Hakuniuliza jina langu.

Nilitaka vibao vikubwa. Kwenye malori spring kubwa ndiyo salama, nikafikiri na majini ni hivyo hivyo. Nalongo alikataa. Alinieleza kwamba vibao virefu ni vya boti nzito zinazokwenda polepole. Kanoti ndogo yenye kasi ukiipa vibao vikubwa, itashika maji kwa pua na kumtupa mtu mbele. Alipima kwenye kamba, akachagua vya wastani, vipana zaidi ya urefu, vya inoksi nene ili visipinde kwa kasi. Akanionyesha mahali pa kuvifunga: bawaba ikae juu kidogo ya ukingo wa chini, unene wa kidole, vyote viwili kwa umbali sawa kutoka katikati, na visisogee karibu na pangaboi, maana vitalitilia hewa na injini italia bure. Kila tundu la skrubu lijazwe gundi yake. Hayo yote niliyashika. Mimi si mjinga, ndugu zangu.

Kisha akaleta swichi ya vifungo viwili na waya zake. Zilikuwa zimepishana, na pale zinapopishana amefunga tepu nyekundu. Alisema dereva afundishwe jambo moja tu: abonyeze upande ulioinuka, nao utashuka. Akaanza kueleza kwa nini. Mimi nilikuwa nimenunua chapati na mayai mlangoni na ilikuwa inapoa, kwa hiyo nilisikia nusu. Nilisikia kwamba kifungo cha kushoto kinaendesha kibao cha kulia, na cha kulia kinaendesha cha kushoto. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, huku natafuna.

Aliniangalia juu ya miwani. “Wewe usikate hii tepu,” alisema. “Waya napishana kwa sababu.”

Nikatoka. Njiani nilimwiga Kiswahili chake peke yangu na kucheka.

Kuteremka ziwani

Kurudi sitawasimulia kwa urefu. Ilikuwa kamba zile zile, na yule mama wa godoro sikumwona tena. Nililala nyumbani usiku mmoja, nikapanda lori la samaki.

Mnaijua ile njia ya Kasenyi inavyoanguka kutoka milimani. Unaondoka Bunia na koti, unafika chini shati limekushika mgongoni. Ziwa linaonekana ghafla, pana, bila ng'ambo, nami nikatazama viatu vyangu.

Anselmi alinipokea ufukweni. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwenye sauti ndogo ambayo watu hunyamaza ili waisikie. Alikuwa amevusha watu ziwa hilo miaka ishirini. Hakukubali nilale kituoni; alinipeleka kwake, akanipa kitanda chake, yeye na mkewe Mama Feza wakalala chumba cha nyavu. Mchana tulikula ugali wa muhogo na samaki wa kupikwa na mawese, na Mama Feza aliniwekea kichwa cha samaki, kipande cha mgeni. Nilikula kichwa hicho siku kumi na moja mfululizo.

Kufunga vibao

Kazi yenyewe ilikwenda vizuri. Kanoti ilivutwa juu ya mchanga, ikaegemezwa kwa magogo. Umeme hakuna, kwa hiyo nilitoboa kwa keekee ya mkono, polepole, Anselmi akinishikia kibao kisisogee hata unywele. Nilipima kwa kamba yake ile ile. Nilijaza gundi, nikakaza, nikafuta. Watu wa ufukweni walikaa kuangalia, na kila skrubu ilipoingia walisema “mm” kwa pamoja. Nilipenda ile “mm” yao. Mtu wa gereji husifiwa na nani?

Nilipounganisha betri nikabonyeza kifungo cha kushoto ili waone. Kikashuka kibao cha kulia. Watu wakacheka. Nikabonyeza cha kulia, kikashuka cha kushoto, wakacheka zaidi, na mmoja akasema hiyo ni ya Uganda bila shaka.

Hapo ningeweza kusema kwamba yule mama aliniambia hivyo. Lakini kicheko kilinichoma. Na ndani yangu lilikuwapo jibu lililokaa miaka yote hiyo: kule wanaendesha kushoto, kila chao kimegeuka, na mgeuzaji ni mimi. Nikatoa kisu, nikakata tepu nyekundu.

Anselmi aliinama karibu yangu. “Fundi, ule mama hakukuambia kitu juu ya hii tepu?”

“Kwao wanaendesha kushoto, muzee,” nilijibu kwa sauti, wote wasikie. “Siye tunaendesha kuume. Nageuza sawa vile nageuzaka magari.”

Nikanyoosha waya, kushoto kwa kushoto, kulia kwa kulia. Nikabonyeza, kibao kikatii upande wake. Watu wakapiga makofi. Kisha nikamfundisha Anselmi lile jambo moja, neno kwa neno kama nilivyopewa: bonyeza upande ulioinuka, utashuka. Maneno niliyafikisha salama. Waya nilizigeuza.

Tulipatana kujaribu siku ya pili, kwa magunia ya mchanga, na mimi nikiwa ndani. Usingizi ulinitoroka kwa hofu ya maji.

Safari ambayo sikupanda

Hatukujaribu. Asubuhi hiyo walifika watu wa Djugu waliohama, wamebeba machela, na juu yake mwanamke anayeitwa Tabu, siku ya pili ya uchungu wa kuzaa na mtoto hatoki. Mama Leoni alimshika tumbo, akasema avushwe sasa hivi. Kanoti ikasukumwa majini. Wakapanda Tabu na mama mkwe wake, kisha Mama Leoni, na Anselmi akashika usukani. Ikabaki nafasi moja mbele, pembeni ya machela. Wote wakanitazama.

“Fundi, weye unapanda?” Mama Leoni aliuliza.

Nilikuwa nimesimama maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu. Nikasema, “Fasi haitoshi, Mama. Mugonjwa kwanza.”

Ilisikika vizuri. Mtu mmoja hata alinisifu kwa kuwaachia wenye shida nafasi. Anselmi peke yake alitazama ile nafasi tupu, akanitazama mimi, akawasha injini. Pua ilitulia kama tulivyotaka, kanoti ikateleza sawa kabisa, na ufukwe mzima ukapiga vigelegele kwa ajili yangu.

Walirudi siku ya tatu. Tabu alikuwa amezaa kwa kupasuliwa, mtoto wa kike, wote wazima. Mungu apewe sifa kwa hilo. Lakini Mama Leoni alikuwa na mkono umefungwa kwenye mbao, umevunjika mahali pawili. Mama mkwe alisimulia kwa watu. Katikati ya ziwa upepo uliwapiga kutoka kulia na kanoti ikalala upande huo. Anselmi akabonyeza kifungo, ikalala zaidi. Akabonyeza tena, maji yakaingia, machela ikateleza, na Mama Leoni alipojitupa kuizuia akagonga chuma cha kiti. “Kila akifinya, ile kitu inaenda paka chini tu,” alisema yule mama, na alipokwisha kusema hivyo watu walikuwa wanamtazama Anselmi.

Waliniuliza mimi, fundi, kama inaweza kuwa vibao. Nikasema vibao vilionekana na wote, vilifanya kazi. Wazee wa ufukwe wakakaa, wakasema Anselmi amekuwa mzito wa mikono, wakamtaka atoe ufunguo wa injini. Aliutoa mfukoni akauweka juu ya mtumbwi uliopinduliwa.

Siku nane za kichwa cha samaki

Nilielewa mchana huo huo, nikiosha sahani. Mama Feza alinikataza, nikang'ang'ania, nadhani nilitaka kufanya kitu chochote cha haki. Niliivuta sahani bapa juu ya maji ya beseni, kidole kimoja kimeshuka majini chini ya ukingo wa nyuma wa kushoto kama kibao. Sahani ikalala kulia. Nikajaribu tena mara tatu. Kibao kikishuka kushoto kinainua mkia wa kushoto, na upande wa kulia ndio unaozama. Kwa hiyo kanoti ilipolala kulia, Anselmi alibonyeza kushoto, upande ulioinuka, kama nilivyomfundisha, nami nilikuwa nimehakikisha kwamba kila akitii atazama zaidi. Nalongo alizipishanisha waya ili dereva asiwe na haja ya kujua haya yote. Haikuwa na uhusiano wowote na barabara za Uganda.

Nikamaliza kuosha sahani, nikaziinamisha. Sikusema.

Siku nane, ndugu zangu. Anselmi alikaa uani anashona nyavu za watu wengine. Mama Feza alirudi kutoka sokoni na maneno aliyoyasikia huko juu ya mumewe, na bado akaniwekea kichwa cha samaki. Nilijiambia nangojea lori. Malori mawili yalipanda Bunia nami nikiwa ninayatazama.

Siku ya sita aliletwa mzee mmoja mwenye mguu ulioingia ubovu. Anselmi aliomba ufunguo mbele yangu, kwa ile sauti yake ndogo. Wakamnyima, na mwingine wa kuthubutu kuendesha kanoti ile hakuwapo. Mzee alivushwa kwa mtumbwi wa uvuvi wenye kiinjini kidogo, safari ya siku nzima juani. Mguu ulikatwa. Daktari wa ng'ambo alituma neno kwamba labda ungekatwa tu hata angewahi. Ile “labda” ndiyo ninayolala nayo.

Jumapili watu walipokuwa misani nilikwenda kwenye kanoti peke yangu. Nilizifungua waya, nikazipishanisha kama zilivyotoka kwa Nalongo, nikafunga tepu, nyeusi, maana nyekundu niliitupa. Nilipoinuka nikamwona Anselmi ameketi upande wa pili, kivulini mwa kanoti. Alikuwapo muda wote.

“Nilijua siku ile ile, katikati ya maji,” alisema. “Nilifinya kushoto, ikalala. Nikafinya kuume, ikasimama. Vile njo tulifika.”

Nilimwuliza kwa nini hakusema.

“Ningesema ni fundi, fundi gani mwingine atashuka huku mu hii vita?” Alikuwa akifuta mchanga mikononi. “Na weye uko mugeni mu nyumba yangu. Nilingojea useme na kinywa yako.”

Nikalia, nakiri. Nikamwomba msamaha. Hakukataa, lakini alisema msamaha wake hautoshi, kwa kuwa si yeye aliyeambiwa uongo. Misa ilikuwa inakwisha, watu wanateremka kutoka kanisani kuja ufukweni. Akasema niwaambie wao.

Walikuja. Mama Leoni mbele na mkono wake kwenye mbao, wazee nyuma, mmoja amevaa ule ufunguo shingoni kwa kamba. Waliniona nimesimama karibu na kanoti na bisibisi mkononi. Mzee wa ufunguo akaniuliza nimeona nini. Nilifungua kinywa. Namwapia Mungu kwamba nilitaka kusema.

“Nimeangalia vibao,” nilisema. “Viko sawa.”

Na kweli vilikuwa sawa, tangu dakika tano zilizopita. Mzee akaitikia kwa kichwa na kumtazama Anselmi kwa huruma, kama mtu anayethibitishiwa jambo lililomsikitisha. Anselmi hakunitazama. Aliokota nyavu zake akaenda nyumbani.

Bunia

Lori lilipanda siku iliyofuata. Mama Feza alinipa lile furushi la majani ya mgomba. Sijui kama mumewe alikuwa amemwambia. Alinishika mkono kwa mikono miwili, akanitakia njia njema na kuwasalimu watoto wangu, ambao hajawahi kuwaona. Nilipanda juu ya makayabu, wale samaki wa chumvi, nikaukalia uongo wangu kilima chote kile mpaka hapa, na jioni hiyo nikawakaribisha ninyi. Nikautandaza mezani pamoja na samaki wake. Mlicheka, nami nilicheka zaidi yenu.

Mimi ndiye ninayefukuza vijana kwa kutopanda na kazi yao. Mtoto wa dada yangu nimekwenda kumwomba arudi gerejini. Ameniuliza kwa nini, nikampa karatasi hizi azisome kabla yenu. Alisoma zote, akazikunja, akasema atarudi siku mimi nitakapotoka Kasenyi kwa mara ya pili.

Dereva wa lori la samaki anasema njia imefunguka na anashuka Jumatatu. Nimeomba nafasi. Nitasema ufukweni, watu wote wakiwapo, nikianza na tepu nyekundu na kumalizia na mguu wa mzee, na ufunguo nitauomba mbele yao urudi kwa Anselmi. Akikubali kunichukua, nitapanda kanoti ile mpaka ng'ambo na kurudi, nikae mbele, kwenye ile nafasi tupu.

Kuogelea bado sijui.